Nikano na Minazi ya Wakfu

Ukiambiwa mtu alipewa kazi kwa sababu hana mtu duniani, utaamini? Mi mwanzo sikuamini. Lakini wallahi ndivyo Nicanor Garama alivyoipata kazi yake Likoni, mwaka wa arobaini na moja, Wazungu wako vitani huko na meli za vita zimejaa Kilindini.

Wazee walikaa kibarazani wakaulizana. Ana shangazi hapa? Hana. Mjomba? Hana. Mke? Alikufa kwao Rabai akiwa mja mzito, mtoto naye asizaliwe. Rafiki je, jirani anayekula naye? Hakuna.

"Basi ndiye huyo," wakasema. "Tumempata."

Yaani wewe fikiria, upweke wako ndo unakuwa cheti chako cha kazi!

Sasa nikueleze mali yenyewe, maana bila kuijua mali hutamwelewa huyu mtu. Palikuwa na bibi mmoja akiitwa Nana binti Shee, kafa zamani sana, kabla hata ya reli. Alikuwa nacho, si mchezo. Mashamba matatu ya minazi: moja Mtongwe, moja Bofu, la tatu Timbwani, kule karibu na ufuo wa Shelly. Nyumba ya mawe kisiwani, ya kupangisha. Na kisima cha maji matamu, watu wakinunua kwa debe. Vyote hivyo akavitia wakfu. Visiuzwe, visirithiwe. Mapato yawashe taa za msikiti wake, yamlipe mwalimu wa chuo cha Kurani, na yawalishe wajane na mayatima wa ukoo wake mpaka kiyama.

Na huyu bibi alikuwa na akili! Hakununua shamba moja kubwa, alinunua matatu mbalimbali makusudi. Mdudu akiingia Mtongwe, Timbwani italisha. Minazi yote ikigoma, kuna kodi ya nyumba. Nyumba ikiungua, kuna maji. Kusoma alisoma msahafu tu, lakini haya aliyajua.

Na aliacha sharti. Mali isimamiwe na wazee wa ukoo, sawa, lakini mashamba yasishikwe na mtu yeyote anayekula humo, wala jamaa wa anayekula humo. Atafutwe mtu wa nje. Na huyo mtu wa nje asile kwao, wao wasile kwake, na asioe kwao. Kwa nini? Kwa sababu mtu ukishakula wali wake, siku akichelewa kuangua nazi utamwonea haya kumsema. Na yeye siku ya kugawa atakuwa ana mkono mzito upande wa yule aliyempikia.

Zamani hizo wazee wa wakfu walikuwa wawili. Mwalimu Idarus alikuwa mwembamba, mpole, akiongea utadhani anaogopa kuamsha mtoto. Na Bwana Shee, huyo sauti yake ilitangulia nusu saa kabla yake mwenyewe. Bwana Shee alipenda kuona vitu vimerundikana. Fungu likiwa kubwa, moyo wake baridi.

Lakini upweke peke yake haukutosha, ilibidi apimwe. Walimpima vipi Nikano? (Likoni nzima ilimwita hivyo, Nicanor ilikuwa inawatatiza.) Walichukua watu watatu, kila mmoja akapewa minazi mia kwa mwaka mmoja, Idi mpaka Idi. Mwaka ukaisha, na fungu la Nikano likawa dogo kuliko yote. Bwana Shee akasema, "Huyu Mrabai arudi kwao."

Mwalimu Idarus akasema, "Ngoja kwanza. Apande mtu juu."

Hapa ndo napapenda mimi. Mnazi, kumbe, unatoa kole moja karibu kila mwezi. Kole ni lile shada linalobeba nazi. Na nazi inachukua kama mwaka kukomaa. Kwa hiyo ukipanda juu ya mnazi uliotunzwa, utaona mwaka mzima umekaa pale kwa mpangilio: juu kabisa vidaka vidogo kama ngumi ya mtoto, halafu vitale, halafu madafu, halafu makoroma, chini nazi kavu za kuangua leo. Makole kumi, kumi na mawili. Yaani mwaka ujao wote umeshaandikwa juu pale, kazi yako ni kupanda ukausome.

Mkwezi akapanda. Minazi ya wale wawili ilikuwa na makole manane, saba. Ya Nikano kumi na mawili. Fungu lake lilikuwa dogo kwa sababu alikata minazi mibovu akaichoma, ili yule mdudu mwenye pembe asipate pa kuzalia, akapanda miche mipya, na hakugusa dafu hata moja.

"Nazi za chini zishatoka," Mwalimu Idarus akamwambia mwenzake. "Sisi twataka za juu."

Basi Nikano akapata kazi. Akaapa mbele yao, Biblia yake mkononi, msahafu wao pale mezani: hataiacha minazi mpaka aikabidhi kwa mtu aliyepimwa akafaa. Akapewa kibanda cha makuti mpakani mwa shamba la Timbwani. Umri wake miaka thelathini na nane.

Na hapo ndipo ukimya ulipoanza.

Usidhani watu walimchukia. Walimheshimu sana, ndo shida. Akipita njiani: "Hujambo Nikano." "Sijambo." "Habari za minazi?" "Njema." Basi. Hakuna aliyemwuliza habari zake yeye. Siku ya Idi sinia zinatoka nyumba hii zaingia nyumba ile, watoto wanazibeba vichwani, harufu ya biriani mpaka kwenye minazi, na zote zinapita mlango wake moja kwa moja, kama ule mlango ni mti tu. Krismasi yake akapika wali mwenyewe akala mwenyewe. Harusi alizijua kwa ngoma. Misiba aliijua kwa kilio. Jumapili alivuka na kivuko kwenda kanisani kisiwani, akakaa benchi la nyuma, akarudi. Mwaka wa arobaini na tatu, ile njaa, wengine walikuwa wanafukuza njaa kwa kukaa pamoja wakipiga soga. Yeye alikaa nayo.

Jioni akirudi shambani, alisimama mlangoni kwake akapiga hodi. Kwake mwenyewe! Halafu akajijibu, "Karibu." Akaingia.

Wahuni wa kisimani walikuwa na maneno yao. "Nikano! Biriani hutaki, tembo la mnazi hutaki, kuoa huoi. Sasa wewe duniani ulitumwa nini?"

"Nilitumwa nazi," akawajibu.

Wakacheka, akacheka. Halafu wakaenda makwao, wote kwa pamoja, na yeye akaenda upande wa pili.

Miaka mitano hivyo. Na minazi ikazaa mpaka ikawa hadithi. Wajane walipata mafungu wasiyowahi kuyaona, na chuo kikaezekwa upya.

Mwaka wa arobaini na sita akaja Kafedha.

Kafedha alikuwa Mrabai kama yeye, Mkristo kama yeye, lakini aliolewa Likoni na kijana wa ule ukoo wa Bibi Nana. Mume akafa bandarini, kaangukiwa na mzigo. Akabaki na binti wa miaka sita, Barke. Kafedha mwenyewe, kwa kuwa si wa damu yao, hakuwa na haki kwenye wakfu, lakini Barke alikuwa nayo, kwa upande wa baba. Na huyo Barke ndiye aliyenihadithia haya yote, maana ndiye bibi wa mama yangu, na kumbukumbu yake inashinda simu yangu.

Siku ya mgao Kafedha alikuja kuchukua fungu la mtoto. Nikano akawa anamhesabia nazi. Kafedha akasikiliza ile lafudhi, akamwamkia kwa Kirabai.

Nikano akasahau hesabu. Ikabidi aanze tena.

"Miaka mingapi hujasikia lugha ya kwenu?" Kafedha akamwuliza.

"Mitano. Naongea nayo mwenyewe."

"Na inakujibu?"

"Siku nyingine."

Kafedha akacheka kicheko kikubwa mpaka wanawake wengine wakageuka. Tangu siku ile wakawa wanakutana kisimani, mchana kweupe, watu wanaona, hakuna la kuficha. Kafedha alikuja na mhogo wake wa kuchemsha kwenye bakuli, na Nikano hawezi kula, sharti ni sharti. Basi Kafedha alikula mbele yake huku anamsimulia. "Mhogo wa leo, Nikano, ni laini! Una chumvi kidogo. Nimeweka na tui. Pole sana." Na Nikano amekaa anameza mate, anacheka kama mtoto. Barke anasema hajawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile kwa kunyimwa chakula.

Baada ya mwaka Nikano akamwambia anataka kumwoa.

"Na sharti?" Kafedha akauliza.

Hapo ndo pagumu. Akimwoa Kafedha, anakuwa baba wa kambo wa Barke, na Barke anakula wakfu. Kafedha akasema basi, fungu la mtoto aliache, wataishi kwa jasho lao. Wakaenda kwa Mwalimu Idarus.

"Haki si yako, mwanangu," Mwalimu akamwambia polepole. "Ni ya Barke. Mama hawezi kuiacha haki ya mtoto. Labda Barke mwenyewe akikua."

"Atakua lini?" Kafedha akauliza.

"Inshallah, miaka kumi."

Nikano akasema, "Basi nitoke mimi. Tafuteni msimamizi mwingine, nimkabidhi, nioe."

Mwalimu Idarus akasema hewala. Atafutwe mtu, apimwe mwaka mmoja, kama Nikano alivyopimwa. Akifaa, Nikano yuko huru.

Kaka zake Kafedha kule Rabai waliposikia hawakufurahi. Kulikuwa na mwanamume wa kwao aliyefiwa na mke, Nguma, mfanyakazi wa reli pale Mazeras, ana nyumba ya mabati na mshahara wa kila mwezi, na alikuwa ameshapeleka neno. Wakamwambia dada yao: tutangoja mpaka Idi ya mwaka kesho. Huyo wa minazi akija na mahari, vizuri. Asipokuja, utakwenda kwa Nguma.

"Mwaka si mwingi," Kafedha akamwambia Nikano.

"Si mwingi," akasema Nikano.

Wakatafutwa watu. Mmoja, Lewa, alianza vizuri, lakini miezi mitatu tu akasikia bandarini wameongeza mshahara baada ya ule mgomo mkubwa wa wafanyakazi, akatupa panga akaenda. Akabaki mmoja, Mwidani, wa Jomvu. Kijana mcheshi! Alikuwa anapanda mnazi huku anaimba, na akiwa juu anawatania wapita njia. Wakampa minazi mia shamba la Bofu, Nikano asiingie wala asimfundishe, apimwe kwa haki.

Mwaka ule Nikano alikuwa mtu mwingine. Alitengeneza kitanda. Alinunua sufuria ya pili. Jioni alikuwa anauliza kila anayetoka Bofu, "Mwidani yuaendeleaje?" Na jibu lilikuwa moja: "Anaangua tu!" Nikano anafurahi. Anaangua tu. Basi kijana ni mchapakazi.

Idi ikafika, mwaka wa arobaini na nane. Siku ya tatu ya Idi, asubuhi, watu wakakusanyika Bofu. Wazee wote wawili, wajane wote, watoto na nguo zao mpya za Idi. Kafedha naye, na Barke mkononi. Kaka yake mkubwa alishakuja tangu juzi, kamngojea nyumbani.

Bwana Shee ndo alianza. Alikuwa hajiwezi kwa furaha.

"Elfu saba!" akapiga kelele. "Minazi mia imetoa elfu saba kwa mwaka! Nikano mwenyewe hakuwahi kupita elfu tano. Wallahi, Mwidani, wewe umetumwa na Bibi Nana mwenyewe!"

"Nimetumwa na njaa, Bwana Shee," Mwidani akajibu, watu wakaangua kicheko.

"Kazi yake. Mpeni. Tukale."

"Tupande kwanza," Mwalimu Idarus akasema.

"Tupande nini? Fungu hulioni?"

"Naliona. Nikano, panda wewe. Neno lako latutosha."

Yule mkwezi wa zamani alishakufa, na hakuna mwingine waliyemwamini. Basi Nikano akavua shati, akafunga kamba miguuni, akapanda.

Haya ya juu alikuja kumhadithia Barke miaka mingi baadaye. Anasema alipofika kileleni akaona vidaka, sawa. Vitale, sawa. Halafu chini ya vitale hakuna kitu. Mikia ya makole iliyokatwa tu, imekauka. Madafu hakuna. Makoroma hakuna. Makole matano basi.

Mwidani hakuiba, usinielewe vibaya. Alikuwa ameangua nazi, zikaisha, akaangua makoroma, yakaisha, akaangua madafu akayauza kivukoni kwa wanajeshi, pesa akazitia kwenye hesabu ya wakfu. Alichukua mwaka wake na karibu nusu ya mwaka wa kesho, akaviweka katika fungu moja. Kwa hiyo fungu ni kubwa kweli. Na miezi inayokuja wajane wangekuja na vikapu, wakute minazi imesimama mitupu.

"Mangapi?" sauti ya Bwana Shee ikapanda kutoka chini.

Nikano akatazama chini. Kutoka pale juu alikuwa anauona uso wa Kafedha, kaukinga jua kwa mkono, anamtazama yeye tu. Angesema "kumi." Neno moja. Nani angepanda kuhakikisha? Wameshasema neno lake latosha. Angeshuka, angekabidhi panga, na jioni ile angekwenda Rabai na shemeji yake.

"Nikano! Umelala huko?"

"Nashuka," akasema. Akashuka, akapanda mnazi wa pili.

Matano. Akapanda wa tatu. Manne. Akaendelea. Watu chini wakaanza kunung'unika, jua linawaka, watoto wanalia. Akapanda mnazi wa kumi na moja. Alimwambia Barke kwamba baada ya ule wa tatu hakuwa anapima tena. Alikuwa anatafuta mnazi mmoja tu utakaomruhusu.

Haukuwepo.

Akashuka, akasimama mbele ya wazee, kifua chote michubuko.

"Matano," akasema. "Mwingine manne. Madafu yote yameliwa."

Bwana Shee akalipuka. "Mwongo! Wewe kukabidhi kazi ndo roho inakuuma! Umekaa miaka saba umekuwa mfalme wa minazi, sasa ukiona kijana amekupita wamtia ila!"

Ndo ajabu ya mambo, eti Nikano anaambiwa amedanganya ili abaki.

Aliyemtetea akawa Mwidani mwenyewe. Akacheka, akajikuna kichwa. "Bwana Shee, asema kweli. Mlinipa mwaka mmoja, mkaniambia mtatazama fungu. Nikalifanya fungu. Mwaka wa pili nani alinihakikishia kama nitakuwepo? Ningeutunzia nani?"

Mwalimu Idarus akainama, akatazama ardhi. Aliponyanyuka alionekana amezeeka.

"Kosa si lako, kijana. Ni letu. Mtu ukimpima mwaka mmoja, unamfundisha kula wa pili." Akamgeukia Nikano. "Wale wawili wa mwaka ule wako nao walifanya hivi hivi, tukadhani ni tabia zao. Kumbe ni kipimo. Kuanzia leo tutapima miaka mitatu. Wa kwanza hauhesabiwi, tutatazama wa pili na wa tatu. Wewe waonaje?"

Na yeye, jamani, walimwuliza yeye. Miaka mitatu. Anajua maana yake, na Kafedha amesimama pale, hatua kumi.

Nikano akasema, "Ndiyo haki, Mwalimu. Miaka mitatu."

Watu wakatawanyika. Kafedha akamkuta kisimani anajimwagia maji michubuko yake.

"Matano?"

"Matano."

"Huko juu ulikuwa na nani?"

"Na nani tena? Peke yangu."

"Basi ungesema kumi."

Nikano akaweka kata chini. "Barke angekula nini mwakani?"

"Mwakani angekuwa na mimi na wewe. Tungemlisha sisi. Hilo hukulifikiri?"

Barke alikuwepo, anakumbuka. Nikano hakulifikiri. Aliwafikiri wajane, na chuo, na Bibi Nana aliyekufa, na makole mpaka ya mwaka wa hamsini. Hilo moja lilimpita.

"Ngoja miaka mitatu," akasema mwishowe, taratibu.

"Mi ningengoja," Kafedha akasema. "Kwetu hawangoji. Na ukweli, Nikano, nikingoja mitatu, mwisho wake utapanda tena juu huko. Na mimi nitakuwa chini tena, sijui utasema ngapi."

"Utajua. Nitasema zilizopo."

"Ndiyo," akasema Kafedha. "Hilo najua."

Akamshika Barke mkono wakaondoka. Hakuwa na hasira. Bi Barke anasema afadhali mama yake angetukana. Wiki ile ile wakahamia Mazeras, kwa Nguma, nyumba ya mabati karibu na reli. Nguma hakuwa mtu mbaya. Alimnunulia Barke viatu.

Mwidani hawakumfukuza. Mwalimu Idarus alimwambia aanze tena, minazi ile ile, miaka mitatu, na safari hii mwanzo wa yote ale njaa aliyoipanda mwenyewe. Akakubali, akaendelea kuimba, lakini nyimbo za polepole kidogo. Na hata kwa zile nazi chache za Bofu, mwaka ule hakuna mjane aliyelala njaa, kwa sababu Mtongwe na Timbwani zilijaza, na maji ya kisima yaliuzwa. Bibi Nana alikuwa amejua.

Nikano akarudi kwenye kibanda chake. Ile sufuria ya pili akampa mwalimu wa chuo, maana huyo alikuwa anatoka Lamu, si wa ukoo, naye alilipwa mshahara tu wala hakula fungu, sharti halikumgusa. Kitanda akakiacha.

Sasa fungu la Barke. Sheria ya wakfu ilisema fungu linamfuata mtoto popote aliko. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu Nikano alikuwa analitenga kwa mkono wake, anazifua nazi mwenyewe moja moja, makumbi yote yatoke, anatia guniani, anashona mdomo wa gunia, anabeba mpaka kivukoni. Pale anampa Wafula, dereva wa lori aliyekuwa anapita njia ya Mikindani kwenda Mazeras kila wiki. Wafula alitoka bara huko, mtu wa maneno mengi, hakujua lolote la habari hii.

Mara ya kwanza, mwanzo wa mwaka wa arobaini na tisa, Wafula akalinyanyua gunia.

"Arobaini na mbili?"

"Arobaini na mbili."

"Mzee, shamba lote lile! Si umtilie mtoto hata mbili za juu? Mimi sitasema."

"Haki yake arobaini na mbili."

Wafula akatikisa kichwa, akalitupa gunia juu ya lori. Akapanda, akawasha, halafu akachungulia dirishani.

"Na salamu? Kila mtu anayenipa mzigo hunipa salamu. Huyo mama atakayepokea nimwambie nini?"

Kivuko kilikuwa kimeshateremsha watu, wote wanapita wawili wawili, watatu watatu, wanapigana vikumbo na lori. Nikano akasimama katikati yao, mikono mitupu sasa, hajui aiweke wapi.

"Mwambie sijambo," akasema.

"Basi?"

"Basi."

Lori likaondoka. Akangoja mpaka likapanda kivukoni, halafu akarudi Timbwani kwa miguu, maana kulikuwa na minazi thelathini hajaipanda tangu juzi.